Gramu Kumi na Tano za Mzee Mbugua

Siku niliyoanza kazi, kitu cha kwanza nilichokatazwa kugusa kilikuwa kikombe.

Kilikuwa kikombe cha enameli cha samawati, kimebambuka rangi mdomoni na kubonyea ubavuni. Kilining'inia kwenye msumari juu ya pipa la unga, katika jiko la shule ya bweni ya wasichana kule Bahati. Mwenyewe alikuwa Mpishi Mkuu, Mzee Mbugua, mtu mrefu wa maneno machache, na koti lake jeusi hakulivua hata tanuri likiwaka. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka kusomea upishi mjini Nakuru, cheti changu kiko ndani ya plastiki, na moyoni nilijua nimekuja kumfundisha yeye.

"Sufuria gusa, mwiko gusa, hata redio yangu ukitaka gusa," aliniambia. "Lakini hiyo kikombe, wewe msichana, wacha ikae."

Kazi yangu ilikuwa kukanda unga wa mkate wa Ijumaa. Ninyi mnaonunua mkate uliokatwa tayari hamwezi kuelewa. Tulikuwa na tanuri la matofali nyuma ya jiko, na kila Ijumaa saa nne kila msichana alipata kipande kinene cha mkate, laini, kina utamu wa mbali, na chai ya maziwa. Wasichana waliomaliza shule zamani walikuwa wakipita na watoto wao mgongoni kuuliza kama umebaki hata ule wa pembeni. Watu wanne tulipata riziki kwa tanuri lile.

Mzee alipima hivi. Alizamisha kikombe kwenye pipa, akakiinua kimejaa hadi kufanya kilele, akakigonga mara mbili kwenye ukingo, kisha akapangusa juu kwa kiganja. Si kwa kisu wala kwa kijiti, kwa kiganja. Vikombe arobaini vya unga kwa kila beseni, akihesabu kwa Kikuyu chini kwa chini. Sukari vikombe vinne. Chumvi ilijazwa mpaka pale kikombe kilipobonyea, basi. Hakuna mahali popote palipoandikwa neno hata moja.

Huko ndiko kunakoitwa kupima kwa ujazo, yaani kuangalia kitu kimejaza nafasi kiasi gani. Kupima kwa uzito ni kukiweka kitu kwenye mizani na kuiacha mizani iseme. Chuoni tulikuwa tumefundishwa kwamba mpishi wa kisasa hutumia mizani, na mimi nilikuwa nimelishika hilo kama amri ya kumi na moja.

Bursa wa shule, yaani mshika fedha, kijana wa tai na haraka nyingi, alikuwa na wasiwasi wake. Siku moja alisimama mlangoni pa jiko akiangalia kikombe.

"Sasa Mzee akigonjeka, hii school itakula nini Friday?"

"Mimi sigonjeki," Mzee akajibu.

Lakini mwezi uliofuata alipewa likizo, na kila mtu alijua kwamba Mzee akienda likizo kikombe huenda naye mfukoni mwa koti. Miaka yote Ijumaa za likizo yake wasichana walikula viazi vitamu. Safari hii, Ijumaa mojawapo ilikuwa siku ya wazazi. Bursa akaniita ofisini.

"Wairimu, wewe umesoma. Nipatie hiyo mkate kwa kilo. Andika kila kitu."

Nilitoka humo nikitembea juu ya hewa! Jioni ya mwisho kabla ya Mzee kuondoka, alipokuwa nje akifunga kuni, nilikitoa kikombe msumarini. Sikuwa na muda wa kuchota unga, na pipa lilikuwa limefungwa. Nikakijaza maji ya bomba hadi mdomoni, nikakimbia stoo kwenye mizani ya mawe, ile ya sahani mbili tuliyopokelea maharagwe ya wakulima. Nikapima. Nikakumbuka hata kutoa uzito wa kikombe chenyewe, nikajiona profesa. Ilitoka nusu kilo kamili. Nikaandika kwenye daftari langu: *Kikombe cha Mzee ni nusu kilo.* Kikombe kikarudi msumarini kabla maji hayajakauka.

Mpishi yeyote anayesoma hapa ameshashika kichwa.

Ijumaa ya wazazi nilipima kilo ishirini za unga kwa beseni, maana vikombe arobaini mara nusu kilo ni ishirini. Nilipoanza kukanda, unga ulikuwa mkavu kama mchanga. Nikaongeza maji. Bado. Nikaongeza tena. Mikono yangu iliniambia kuna kitu kimekwenda kombo, lakini daftari lilisema ishirini, na mimi niliamini daftari. Donge lilijaa beseni likakataa kuumuka. Hamira, yaani chachu ya kuumua unga, ilikuwa ile ile ya siku zote, ya kilo kumi na mbili hivi, nami nimeitwika ishirini.

Mkate ulitoka bapa, mweupe, mzito, hauna ladha ya chumvi wala ya sukari. Wazazi walitafuna kwa adabu. Wasichana hawakuwa na adabu. Jumatatu nilikuta vipande viwili bwenini vimewekwa chini ya mlango ili usipigwe na upepo, na vilifanya kazi hiyo vizuri.

"Wairimu," Bursa aliniambia, "umepikia watu nini?"

Sikujua nimekosea wapi, na hilo ndilo lililoniuma. Mzee aliporudi, mtu alikuwa amemwekea kipande. Alikigonga mezani mara mbili kama anavyogonga kikombe, akakirudisha kwenye sahani. "Mimi nilikuwa na kikombe yangu," akasema, akaendelea na kazi. Alinichukulia kama mtu aliyetaka kumwibia kitu, na kwa kweli sikuwa mbali na hapo. Muhula ulipoisha nilipewa barua ya uhamisho. Kanisa lenye shule ile lilikuwa pia na hospitali ndogo Olenguruone na nyumba ya wageni Longonot, na wafanyakazi tulizungushwa kati ya hizo tatu. Nililia, nikafunga sanduku. Lakini nilijiapiza kwamba siku moja nitauandika mkate ule, na utatoka.

Olenguruone ni juu, kwenye milima ya Mau, mahali ambapo asubuhi unaona pumzi yako na mafuta ya kupikia huganda kama sabuni. Niliwekwa jikoni mwa hospitali, chini ya Metroni, mkuu wa wauguzi, mama mnene mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Kazi yangu kubwa ilikuwa uji wa wagonjwa, na malalamiko yake yalinipokea mlangoni.

"Hii uji yenu wiki moja ni maji, wiki ingine ni ugali. Gorogoro ni zile zile tatu. Nieleze."

Gorogoro ni lile kopo la bati linalotumika kupimia nafaka sokoni, mnalijua. Basi nikaenda sokoni na mpishi mwenzangu kununua mahindi kwa muuzaji wetu, Mama Chebet. Nikamwona anajaza kopo, kisha anamwaga mahindi juu mpaka yanasimama kilele na mengine yanaporomoka pembeni. Kule Bahati muuzaji angepitisha kijiti juu ya kopo, mahindi ya ziada yakabaki kwenye gunia lake.

"Mama, hiyo ya juu ni ya nini?" nikamuuliza.

"Hiyo? Hiyo ni ya urafiki," akasema Mama Chebet. "Gorogoro ni ya pesa yako. Ya juu ni ya kukuambia rudi tena."

Niliinunua gorogoro ile nikaibeba hadi stoo ya hospitali, nikaipima. Nikapangusa kilele, nikapima tena. Urafiki wa Mama Chebet ulikuwa na uzito wa gramu mia tatu na kitu! Nilicheka peke yangu stooni mpaka mlinzi akachungulia. Jikoni kwetu, mpishi wa zamu moja alitoka Olenguruone naye alichota unga kwa kilele, na wa zamu nyingine alitoka Njoro akapangusa. Kila mmoja alikuwa akifanya alivyofundishwa na mama yake, na hakuna aliyekuwa na kosa.

Lakini haikuishia hapo. Unga tuliusagisha posho mill, na ukitoka kwenye mashine ukiwa moto umejaa hewa. Jaza gorogoro saa hiyo, ni mwepesi. Upakie gunia kwenye mkokoteni, ulipitishe kwenye barabara ya mawe hadi hospitali, uache ulale siku mbili, kisha jaza gorogoro ile ile: umejishindilia wenyewe, na ni mzito. Unga ule ule, kopo lile lile, mkono ule ule.

Siku hiyo ndipo nilipolijua kosa langu la Bahati. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia na daftari magotini, nikaandika orodha ya kopo moja likiwa na maji, likiwa na mahindi, likiwa na unga, likiwa na sukari, likiwa na chumvi. Maji yalikuwa katikati. Chumvi na sukari zikakaa upande wake, moja juu kidogo, nyingine chini kidogo. Unga ulikuwa chini kabisa, karibu nusu ya maji. Nikasimama, nikapiga kelele: "Nilipima maji! Mimi mjinga nilipima maji!" Metroni alitoka mbio akidhani kuna moto. Nilimweleza yote, pale pale, mkate na wazazi na mlango wa bweni, na yule mama mkali alicheka mpaka akashika ukuta.

"Sasa uji?" akauliza alipopata pumzi.

"Kuanzia kesho uji ni kwa kilo, Metroni."

Na ikawa. Haba na haba hujaza kibaba, tunasema, lakini hakuna anayeuliza kibaba kimepanguswa au kina kilele.

Miaka mitano baadaye nilipelekwa Longonot, nyumba ya wageni chini ya mlima, watalii wakishuka na vumbi hadi nyusi wanataka keki na kahawa. Mkuu wa jiko alikuwa Shefu Barasa, mtu mfupi, msafi kupita kiasi, mwenye mizani ya umeme yenye uso wa kioo iliyosoma hadi gramu moja. Yeye ndiye aliyenionyesha kurudisha sufuri: unaweka bakuli tupu, unabonyeza, mizani inalisahau bakuli na kuanza upya. Unatia unga, unabonyeza, unatia sukari juu ya unga, unabonyeza. Hakuna kikombe cha kuosha. Mara ya kwanza kuiona ile sufuri ikirudi nilipiga makofi, na Shefu akanitazama kama nimetoka msituni.

Wageni walikuwa wakituachia mapishi yao yameandikwa vikombe, vikombe, vikombe. Mara ya kwanza nilimsomea Shefu moja: vikombe viwili vya unga.

"Kikombe cha nani?" akaniuliza.

"Imeandikwa tu kikombe, Shefu."

"Cha nani? Amechota ama amemwaga na kijiko? Amechunga unga kabla ama baada? Amepangusa na nini? Usiniambie kikombe, Wairimu. Hiyo ni kama kuniambia umbali ni hatua ishirini. Hatua za mtoto ama za twiga?"

Alinifundisha kuyabadilisha mapishi kwa utaratibu. Chota mara kumi, kama mwenye mapishi anavyochota, pima kila mara, andika zote kumi. Zikikaribiana, chukua ya katikati. Zikitawanyika, mwenye mapishi hana kipimo, ana bahati, na wewe huna la kuandika. Nilijaza madaftari mawili. Na kila nilipoandika kumi za mtu mwingine, niliwaza kumi za Mzee Mbugua, ambazo sikuwahi kuzipata.

Basi fikirini furaha na hofu yangu siku simu ilipolia na nikaisikia sauti ya Bursa, sasa mtu mzima mwenye kitambi.

"Wairimu, Mzee anastaafu mwisho wa term. Bodi imesema mkate tununue town, tanuri tubomoe tujenge store. Nimewaambia kuna mtu anaweza kuandika hiyo mkate. Unaweza?"

"Ninaweza."

"Ile ya mara ya kwanza sijasahau."

"Hata mimi, Bursa. Ninaweza."

Watu wanne wangepoteza kazi, na mkate ule ungeondoka na koti la Mzee. Shefu Barasa aliposikia, aliichomoa mizani yake ya zamani kabatini, akaifunga kwa taulo. "Ukishindwa, irudishe," akasema. "Ukishinda, kaa nayo."

Nilifika Bahati Jumatatu. Kikombe kilikuwa msumarini. Mzee alikuwa amepinda kidogo mgongo, lakini koti lilikuwa lile lile. Nilimweleza nilichokuja kufanya. Aliendelea kupanga kuni.

"Miaka hii yote hakuna mtoto amelala njaa," akasema. "Leo nipimwe kama gunia?"

Mficha uchi hazai. Nikaketi kwenye gogo, nikamwambia kitu ambacho sikuwahi kumwambia: kwamba nilikichukua kikombe chake bila ruhusa, nikakijaza maji, nikaandika kwamba hayo ndiyo mkate wake. Nilimwomba msamaha. Mzee aliweka kuni chini.

"Maji?"

"Maji, Mzee."

"Mkate yangu ulipima na maji?" Mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka bila sauti, machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wa koti. Miaka ile yote alikuwa akidhani nilimdharau tu. Kumbe nilikuwa mjinga, na ujinga aliweza kuusamehe.

Lakini bado hakukubali. Ndipo nikafanya jambo ambalo kwa umri wangu sikupaswa kumfanyia mzee: nikamchokoza.

"Pengine unaogopa," nikasema. "Chota mara kumi. Zikitofautiana sana, nitachoma daftari langu ndani ya hiyo tanuri yako na nirudi Longonot."

Mpishi mmoja akaacha kukata kabichi. Mwingine akaguna "Weee!" Mzee Mbugua akatoa kikombe msumarini.

Ndugu zangu, nimeona mbio za Olimpiki kwenye televisheni, lakini sijawahi kushika pumzi kama asubuhi ile. Bursa aliitwa. Niliweka bakuli juu ya mizani, nikabonyeza sufuri. Mzee akazamisha, akainua, akagonga mara mbili, akapangusa kwa kiganja, akamwaga.

"Mia tatu na kumi na nane," nikasoma.

Cha pili: mia tatu na kumi na saba. Cha tatu: mia tatu na ishirini. Bursa akasogea. Cha nne, kumi na nane. Cha tano, kumi na nane. Sasa hakuna aliyekuwa akikata chochote. Cha sita, kumi na sita. Mzee hakutazama mizani hata mara moja, alitazama unga. Cha saba, kumi na tisa. Cha nane, kumi na saba. Cha tisa, kumi na nane. Cha kumi aliinua kikombe, akasita, nikadhani amechoka, kumbe alikuwa anapenga pua. Akagonga, akapangusa, akamwaga.

"Mia tatu na kumi na nane!"

Jiko lililipuka! Mpishi wa kabichi alipiga sufuria kwa mwiko, Bursa alinikumbatia akajipaka unga kwenye tai. Kumi zote, na kati ya ndogo kabisa na kubwa kabisa ni gramu nne. Mizani ya Shefu Barasa haikuwa sahihi kupita mkono wa yule mzee. Yeye alisimama katikati yetu na kikombe mkononi.

"Kumbe niko sawa?" akaniuliza polepole.

"Uko sawa kabisa, Mzee."

"Hakuna mtu amewahi kuniambia."

Tulimaliza siku ile kupima vingine vyote, sukari, mafuta, chumvi ya kwenye mbonyeo, nami nikaandika karatasi moja kwa herufi kubwa, tukaibandika ukutani juu ya pipa. Bodi ikaweka sharti: Ijumaa moja Mzee akae nyumbani kwake, na mkate upikwe kwa karatasi peke yake. Wasichana wakilalamika, tanuri linavunjwa.

Ijumaa hiyo nilipima kilo kumi na mbili na gramu mia saba na ishirini za unga kwa beseni. Mikono yangu ilipoingia kwenye donge iliniambia ndiyo kabla mizani haijasema chochote. Liliumuka likavuka ukingo. Saa nne kengele ikalia, wasichana wakala, wakanywa chai, wakagombania vipande vya pembeni kama kawaida yao, na hakuna aliyesema neno lolote. Sijawahi kupewa sifa kubwa kuliko kimya kile.

Tulikuwa tunaosha mabeseni Mzee Mbugua alipoingia. Alishindwa kukaa nyumbani. Alichukua kipande, akakigonga mezani, kikanywea bila sauti. Akakipasua, akanusa ndani, akatafuna akiwa amefumba macho. Kisha akatutazama mmoja mmoja, uso umemkunjamana.

"Ni nani alikuja kwangu akachukua kikombe?"

Mkono wake ukaingia mfukoni mwa koti, ukakaa humo kidogo, ukatoka na kikombe cha samawati. Alikitazama, akatazama mkate, akatazama karatasi ukutani. Halafu akaomba kipande kingine, na chai.

Tanuri halikuvunjwa. Nilibaki Bahati, nikawa Mkuu wa Jiko, na nikapika kwa karatasi ile mpaka nilipostaafu mimi mwenyewe, mwaka juzi. Nimefundisha wapishi wengi, na kila mmoja nilimwambia la Shefu Barasa: uliza kikombe cha nani. Ninyi vijana mnaochukua mapishi kwenye simu, simu itawaambia kikombe kimoja ni gramu kadhaa, na mtaamini kama mimi nilivyoamini daftari. Ulizeni kama ni kikombe cha unga au cha maji. Halafu ingizeni mikono kwenye donge, msikie inasemaje, maana mizani na mikono havikuumbwa vigombane.

Mzee Mbugua alifariki nikiwa bado kazini. Wiki niliyostaafu, binti yake alikuja kwangu na kitu kilichofungwa kwa gazeti, akasema baba aliagiza kije kwangu nikimaliza kazi, si kabla. Nilikijua kabla sijakifungua.

Siku hiyo hiyo nilitoa mizani ya Shefu, ambayo bado inafanya kazi, nikafungua paketi ya unga. Nikazamisha kikombe, nikainua, nikagonga mara mbili, nikapangusa kwa kiganja. Mia tatu na tatu. Nikarudia. Mia tatu na mbili. Nimejaribu mara nyingi tangu siku hiyo, nikigonga polepole, nikigonga kwa nguvu, nikikunja kiganja hivi na vile, na huwa napata mia tatu na tatu. Kiganja cha Mzee kilikuwa na uvungu kidogo katikati, wa miaka mingi ya kushika mpini wa shoka na mwiko, na unga uliopita chini ya uvungu ule ndio zile gramu kumi na tano ninazokosa.

Kiganja chenyewe kiko makaburini, juu kidogo ya shule. Lakini gramu kumi na tano zake ziko kwenye karatasi ukutani, na wasichana wa Bahati wanazila kila Ijumaa saa nne.